Mboga ya Pwani na Fungu la Bi Mwamvua

Bi Mwanakheir alizipanda ngazi za ile nyumba kongwe ya Shangani huku akizihesabu kwa sauti, na kila zikitimia nne alisimama, akashika kiuno, akamlaumu wifi yake kwa kumleta kwenye ofisi iliyo mawinguni. Wifi yake, Bi Mwamvua, alimjibu kwamba yeye siye aliyeijenga. Badria, aliyekuwa juu akibandika lebo kwenye majalada, aliwasikia tangu ngazi ya kwanza, na walipotokea mlangoni alikuwa keshawawekea viti.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwanakheir akihema. "Hapa ndipo wanapotoa majina?"

"Majina ya watu au ya mimea?"

"Ya mimea. Ya watu tunayo, tena mengine tungependa kuyarudisha," alisema, akimtupia wifi yake jicho.

Chumba kile kilikuwa hifadhi ya mimea mikavu. Makabati yalizunguka kuta zote, yamejaa karatasi nene, na kila karatasi imelaza mmea uliobanwa ukakauka, na chini yake umeandikwa jina, mahali ulipochumwa na siku. Badria alikuwa na miezi tisa hapo. Alizaliwa na kukulia Ng'ambo, papo hapo mjini, kwa baba fundi cherehani, na mimea ya mwambao aliijua kwa vitabu na kwa karatasi zile. Angeweza kukuambia ua fulani lina vikonyo vingapi, lakini ungemwuliza mmea wenyewe ukiwa hai unanukaje, angetazama dirishani.

Bi Mwanakheir alifungua kitambaa cha kanga, akatoa gazeti lililolowa. Ndani yake mlikuwa na fungu la vijiti vya kijani vyenye majani manene yaliyojaa maji. Pembeni aliweka chupa ya achari.

"Sisi watu wa Charawe," alianza. "Hii mboga ya pwani tunaila tangu enzi na enzi. Inaota kule kwenye kinamasi cha chumvi, nyuma ya mikoko. Sasa sisi wanawake tisa tumetia nia tuuze achari yake mjini. Tukenda kuomba kibali. Bwana mkaguzi kaonja, kajilamba vidole, kisha kauliza: mama zangu, mmea huu jina lake nani? Nikamwambia mboga ya pwani. Ati hilo si jina! Bibi yangu kalitumia jina hilo mpaka anaingia kaburini, leo si jina?"

"Anataka jina la kitaalamu," alieleza Bi Mwamvua kwa upole. "Lililoandikwa na wataalamu, likapigwa mhuri."

Wakati huo akaingia Maalim Abdulhakim, mkuu wa hifadhi, mtu mrefu mwenye kanzu isiyo na kunyanzi hata moja. Alikuwa na miaka thelathini na moja katika kazi hiyo na sifa yake ilijulikana: mmea akiutupia jicho, keshautaja. Aliwasalimu wageni, akasikiliza habari yao, akachomoa kijiti kimoja katika fungu, akakigeuza mara mbili mbele ya dirisha.

"Suaeda monoica," alisema. "Huota kwenye ardhi ya chumvi mwambao mzima huu. Njooni Alkhamisi mchukue barua yenu."

Kijiti kile akakitia katika jalada lake, akakipeleka mwenyewe kwenye kibanio cha mbao na kukaza kamba, kama alivyozoea. Wale wanawake wakashukuru, wakaacha fungu lililobaki na ile chupa ya achari, wakashuka ngazi wakizihesabu kwa kurudi nyuma.

Adhuhuri, Maalim alipokwenda kusali, Badria alikaa na lile fungu. Alitaka tu kujifunza, kwani Suaeda mbichi alikuwa hajapata kuishika. Akachukua kijiti cha juu, akakiweka chini ya lenzi yake ya mkononi, na papo hapo akakunja uso. Kitabu kilisema majani ya Suaeda hupishana: moja huku, jingine kule mbele kidogo. Haya yalikuwa yamekaa mawili mawili, yanatazamana kifundo kwa kifundo. Akachukua cha pili. Mawili mawili. Cha tatu vilevile.

Maalim aliporudi alimkuta amesimama.

"Maalim."

"Naam."

"Ule mmea wa Charawe, nnaona majani yake yanatazamana. Mimi nadhani ni Sesuvium portulacastrum."

Maalim Abdulhakim alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyetafuta kitu, akaivaa tena. "Badria, mwanangu. Kijiti nlichokishika mimi majani yake yanapishana. Nimeyaona kwa macho yangu haya mawili."

"Na mimi nimeyaona haya yanatazamana. Tazama."

Hakutazama. Ule mchana ulikuwa wa joto, na si jambo jepesi kwa mtu wa miaka thelathini na moja kazini kusahihishwa na mtu wa miezi tisa. "Lina ua?" aliuliza.

"Halina. Kuna vitumba tu, vimefunga."

"Basi huna hakika. Bila ua, hilo ni bishano la barazani. Leo Jumatatu. Kesho nenda Charawe ukaniletee ua. Sesuvium ua lake la waridi, Suaeda ua lake la kijani, dogo hata halionekani. Ukinionyesha waridi, barua nitaiandika upya kwa mkono wangu."

Badria hakulala vizuri kwa furaha na woga. Asubuhi mama yake alimtazama anavyofunga mkoba, lenzi, magazeti, maji, akamwuliza kama anahama.

Saa mbili na nusu alikuwa Charawe. Bi Mwanakheir alimpokea kwa chai ya mdalasini na mkate wa kumimina, na aliposikia kwamba ofisini majina yamekuwa mawili, alipiga kofi. "Sisi tumekwenda kutafuta jina moja, mkatuzalia pacha!"

Wakatoka watatu, Badria na mawifi wawili, kila mwanamke na kikapu chake. Njia ilipita kwenye minazi, ikashuka, na ghafla ardhi ikawa nyeupe kwa chumvi, imepasukapasuka juu na laini chini. Mbele ilisimama mikoko. Kati ya mikoko na minazi ndicho kinamasi chenyewe, kinachofunikwa na maji wakati wa bamvua tu, bahari inapojaa sana, na siku nyingine kinabaki kinang'aa kama sinia.

"Vua viatu," alisema Bi Mwamvua.

"Nitapita pembeni, Bi Mwamvua."

"Hakuna pembeni, mwanangu."

Badria akapiga hatua tatu na viatu. Ya nne, kiatu cha kulia kilibaki tumboni mwa matope na mguu ukatoka mtupu. Kaa wadogo wakakimbilia mashimoni mwao. Alipiga ukelele uliowaamsha korongo mikokoni, na wale wanawake wakacheka mpaka Bi Mwanakheir akalazimika kukishika kikapu kwa mikono miwili. Baadaye, kiatu kilipotolewa na vyote viwili kutundikwa begani, Badria aligundua kwamba matope yale yalikuwa na ubaridi mzuri sana, na kwamba kinamasi kinanuka chumvi, majani yaliyooza, na kitu kingine kama tango lililokatwa sasa hivi. Akakiandika hicho cha tango katika daftari lake.

Mboga yenyewe ilikuwa imetambaa ardhini kama mkeka, mashina yake mekundu. Badria akapiga magoti. Majani mawili mawili, manene, yanatazamana. Lakini maua? Akafunua hapa, akafunua pale. Vitumba, vimefumba kimya kama watoto wanaojifanya wamelala.

"Maua yake hayapo mwezi huu?" aliuliza, na moyo ulianza kumshuka.

"Yapo," alisema Bi Mwanakheir. "Ila ni mavivu. Yanangoja jua lipande. Saa hizi ngapi?"

"Saa tatu na robo."

"Basi tuchume. Saa nne, saa nne na nusu, yataamka. Mchana mkubwa yanalala tena. Ukija alfajiri huyaoni, ukija alasiri huyaoni, halafu unakwenda kuandika kitabu kwamba hayana maua."

Wakachuma. Bi Mwanakheir alikwenda upande wa mkeka ule wa kijani, Bi Mwamvua akaelekea kulia, pale vichaka vilipoanza kuinuka. Walichuma huku wakitupiana maneno, na Badria hakuchelewa kuelewa kwamba mawifi hawa walikuwa na kesi yao ya zamani. Achari ya Bi Mwanakheir ilikuwa tamu. Achari ya Bi Mwamvua, kiungo kilekile, ndimu ileile, pilipili ileile, ilikuwa na uchungu wa mwishoni unaokaa kooni. Bi Mwanakheir alisema ni kwa sababu wifi yake haoshi vizuri. Bi Mwamvua alisema ni kwa sababu wifi yake ana ulimi wa kutafuta kasoro.

Saa nne na dakika kumi na mbili, ua la kwanza likafunguka. Badria aliandika dakika hizo. Lilikuwa dogo kuliko kucha yake ya kidole cha mwisho, limekaa kwenye kwapa la jani, ncha tano, nje kijani, ndani waridi safi, na katikati vijiuzi vingi vya waridi vilivyobeba unga. Kisha la pili. Kisha, alipoinua macho, mkeka mzima ulikuwa umetapakaa vidoa, kama vile mtu amepita akimwaga shanga.

"Waridi!" alipiga kelele, peke yake, miguu imezama mpaka vifundoni. "Waridi! Sesuvium!"

"Sesu nini?" aliuliza Bi Mwanakheir.

"Sesuvium portulacastrum. Ndilo jina lake."

"Astaghfirullah. Hilo si jina, hilo ni kiapo."

Badria alikuwa keshatoa simu ampigie Maalim. Alishaanza kuyapanga maneno, ya heshima, lakini si ya heshima sana. Ndipo macho yake yalipoangukia kikapu cha Bi Mwamvua, kilichowekwa kwenye kichuguu karibu naye. Akaishusha simu.

Juu ya kikapu kulikuwa na mboga ya pwani. Chini yake kulikuwa na kitu kingine: vijiti vya kijani hivyohivyo, majani manene hivyohivyo, ila membamba zaidi, na yanapishana. Moja huku, jingine kule. Akaingiza mkono mpaka chini. Karibu nusu ya kikapu ilikuwa hivyo. Akatazama pale Bi Mwamvua alipokuwa akichuma, akaona kichaka kirefu kimeegemea mkeka wa mboga, na machipukizi yake laini yamelala juu ya mboga mpaka huwezi kusema hiki kimeishia wapi na kile kimeanzia wapi.

Suaeda monoica. Maalim hakukosea. Katika fungu zima, walilochuma mawifi wote wawili, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kijiti cha Bi Mwamvua, na mkono wa Badria kwenye vya Bi Mwanakheir.

Badria alitaka kunyamaza kwanza, apate namna ya kulisema. Lakini Bi Mwanakheir alikuwa amesimama nyuma yake, na macho yake yalikuwa mazima.

"Wifi!" alisema. "Wifi wee! Umechuma chakula cha mbuzi!"

"Chakula cha mbuzi wapi?"

"Hichi hapa! Nusu kikapu! Ndiyo maana achari yako chungu! Miaka yote nnasema, mtu hasikii!"

Bi Mwamvua alikuja polepole. Akachukua kijiti kimoja cha aina hii na kimoja cha aina ile, akavinyoosha mbele yake kwa urefu wote wa mkono, akarudisha kichwa nyuma. "Yote sawa," alisema. "Majani ya kijani. Yote sawasawa." Lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na Badria aliona kwamba vidole vyake vinayapapasa majani, vinayahesabu, kama anayesoma kwa ngozi.

"Bi Mwamvua," alisema Badria, "hebu jaribu hii." Akamvalisha kamba ya lenzi shingoni, akamwonyesha namna ya kuisogeza karibu kabisa na jicho, kisha akamletea tawi lenye ua.

Bi Mwamvua aliligeuza tawi huku na huku mbele ya lenzi, hata korongo mmoja akarudi na kutua.

"Kumbe lina rangi," alisema mwisho. "Tena ndani lina vijiuzi. Mashallah, vijiuzi vingi hivi." Akalishusha, akayatazama majani. "Na haya yanatazamana. Na yale..." Akachukua kijiti cha pili. "Yale yanapishana, kama watu walionuniana."

Hakuiondoa lenzi jichoni alipoendelea kusema, labda ilikuwa rahisi zaidi hivyo. "Mwaka wa tano sasa sioni vitu vya karibu. Uzi natungiwa na wajukuu. Mboga nachuma kwa kushika, ikiwa nene, ikiwa na maji, natia kikapuni. Niliona nikisema, mtaniambia nikae nyumbani nilee kuku."

Bi Mwanakheir akakitua kikapu chake, akatembea katika matope mpaka kwa wifi yake, akamshika mkono.

"Miaka minne nnakwambia huoshi mboga," alisema.

"Minne na miezi miwili. Nlikuwa nahesabu."

"Na wewe ukanyamaza tu?"

"Ningesema, ungepata raha zaidi."

Bi Mwanakheir akacheka kwanza, cheko lililoanza kama kikohozi, na Bi Mwamvua akafuata, na mwisho wote watatu walicheka hata Badria akapoteza kiatu tena, kikaanguka kutoka begani kikapotelea shimoni mwa kaa.

Maalim Abdulhakim alipopigiwa simu alimsikiliza Badria mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo mimi nlikuwa sawa," alisema.

"Ndiyo, Maalim."

"Na wewe ulikuwa sawa."

"Ndiyo, Maalim."

Badria alisikia kibanio kinafunguliwa, karatasi zinageuzwa. "Hata hivyo kosa ni langu," alisema Maalim. "Watu wameniletea fungu, mimi nimetazama kijiti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningemkemea kwa hilo. Usiondoke huko. Nnakuja."

Alifika saa sita kasorobo juu ya vespa yake, kanzu ameikunja mpaka magotini na kuifunga kwa kamba ya kibanio. Ulikuwa mwaka wa kumi na moja hajakanyaga kinamasi. Kazi ya karatasi ilimla kidogo kidogo. Alisimama ukingoni, akavua viatu bila kuambiwa, akaingia. Hatua ya tano alizama mpaka gotini, na wale wanawake walipomkimbilia kumpa mkono aliwakataza. "Niacheni," alisema, "niacheni kidogo," akabaki pale amekwama, anageuka taratibu kutazama mikoko, chumvi, na ule mkeka wa vidoa vya waridi vilivyoanza kufumba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu.

Mchana ule, chini ya kibaraza cha Bi Mwanakheir, Maalim aliwakusanya wale wanawake tisa wote akawafundisha kutofautisha. Alianza na maneno makubwa, wakamtazama tu. Basi Bi Mwamvua, aliyekuwa bado na lenzi shingoni, akasimama. "Shikeni kijiti," alisema. "Majani yakikaa mawili mawili yanatazamana, kama bibi na bwana wa siku ya kwanza, tieni kikapuni. Yakipishana, kama bibi na bwana wa mwaka wa thelathini, waachieni mbuzi. Na kama huoni, sema huoni. Usinyamaze kama mimi." Maalim alilitoa daftari lake, akaliandika neno kwa neno.

Barua ilitoka Alkhamisi kwa mhuri na saini mbili, ya Maalim na ya Badria, na jina la kitaalamu limeandikwa pamoja na lile la mboga ya pwani, kwa sababu Maalim alisema jina lililotumiwa na bibi wa mtu halifutwi na mkaguzi. Kibali kilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo palitokea ugomvi mmoja tu, wa lebo ya chupa: Bi Mwanakheir alitaka jina la kiapo liandikwe kubwa ili watu wa mjini waogope kuomba kupunguziwa bei, na wengine wanane walikataa.

Bi Mwamvua alikataa kwenda hospitali mara mbili. Mara ya tatu Bi Mwanakheir alimdanganya kwamba wanakwenda Darajani kununua chupa, akampeleka moja kwa moja kwa daktari wa macho, na Badria akatoka kazini mapema kuwa nao. Miwani ilikuwa ya kawaida, fremu ya kahawia. Daktari alimvalisha, akampa kitabu asome mistari midogo. Bi Mwamvua aliisoma yote, bila kusita, mpaka jina la kiwanda lililo chini kabisa.

Kisha akageuka, akamtazama wifi yake kwa karibu, juu mpaka chini, kwa makini ya mtu anayechagua mboga.

"Mwanakheir," alisema, "kumbe umezeeka hivyo!"

Bi Mwanakheir aliangua kicheko katikati ya chumba cha daktari, akamshika Badria begani asije akaanguka.